Alinyoosha mikono yote miwili, kisha mwanawe akachukuliwa: je, ni unafiki?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi katika mtaa mmoja huku Mbagala. Mwezi uliopita tuliitisha mkutano wa mtaa, Jumapili saa kumi jioni. Zikaletwa hoja mbili kwa pamoja: kila mwenye nyumba aandikishe wapangaji wake kwenye daftari letu, na namba zao za NIDA na simu, na mtaa uunge mkono kwamba mtu yeyote anayeshukiwa kwa ugaidi ashikiliwe mpaka upelelezi uishe, hata ikichukua miezi. Mwenyekiti akasema anayeunga mkono anyooshe mkono. Karibu wote wakanyoosha. Mama anayeuza vitumbua kwenye kona yetu alinyoosha yote miwili, watu wakacheka. Hazikupita wiki mbili, kijana wake wa bodaboda akachukuliwa usiku na watu waliosema ni askari. Leo siku ya nne mama hajui yuko kituo gani. Sasa kila anayenunua vitumbua anapewa habari za haki na mahakama. Wenzangu kwenye kamati wanamcheka, wanasema mama mnafiki, na Watanzania wote ndivyo tulivyo. Mimi natakiwa kuandika muhtasari, na sentensi niliyopewa ni 'wananchi wameridhia kwa kauli moja'. Mkono unakuwa mzito. Je, wameridhia kweli? Na ni kweli watu wetu wanataka usalama kuliko haki?"*

Marahaba, katibu. Umeuliza mambo mawili, lakini ndani ya barua yako yamo matatu, na hilo la tatu lina saa zinazokwenda. Nianze nalo: kijana.

Kazi yangu ni kupima maoni ya watu, si uwakili, na habari ya mtu aliyechukuliwa usiku haimaliziki kwa kusoma makala. Mama asizunguke vituo peke yake. Aende na ndugu mmoja mtulivu, na wakili akipatikana. Waanzie kituo cha karibu na pale alipochukuliwa, waombe kuonana na mkuu wa kituo, kisha wapande kituo cha wilaya ya kipolisi, kisha makao ya polisi ya Kanda Maalumu ya Dar es Salaam pale mjini. Kila wanapofika waandike saa, tarehe na cheo cha aliyewajibu. Wakiambiwa kila mahali kwamba hayupo, watoe taarifa ya mtu aliyepotea na wasiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yao pale kituoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo kipimo chake ni saa 24. Siku nne ni nyingi. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri kwamba anayemshikilia amlete. Kama hela hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Aanzie Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Mawakili Tanganyika, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Haya yafanyike leo. Makala umalizie usiku.

Sasa turudi kwenye mikono.

Mama wa vitumbua si mnafiki. Alijibu maswali mawili tofauti, akayajibu yote kwa ukweli. Jumapili aliulizwa kuhusu "mtu anayeshukiwa kwa ugaidi". Siku alipochukuliwa mwanawe, swali likawa ni Fulani, aliyemzaa mwenyewe na anayejua hata kandambili zake za bafuni ni zipi. Wenzako wanaona mtu mmoja kageuza kauli. Mimi naona dodoso limebadilishwa neno.

Kwa miaka mingi nimepita nyumba kwa nyumba na dodoso, enzi za karatasi na sasa na kishikwambi, kuanzia Tandale hadi Kigamboni. Nina tabia moja ambayo haimo kwenye maelekezo ya kazi: mhojiwa akishasema anaunga mkono watu washikiliwe, na mahojiano yakiwa yamefungwa, namuuliza, "Ulipokuwa unajibu, ulikuwa unamwona nani?" Wananitazama kidogo, halafu wanasema. Mgeni. Wale wa kutoka huko. Mpangaji wa chumba cha uani asiyefungua dirisha. Kijana aliyefuga ndevu juzi na salamu akaacha. Sijapata hata mmoja aliyeniambia, "Nilimwona mwanangu." Watu hawatoi haki zao, katibu. Wanatoa za mtu wanayemwona kichwani, na yule hafanani nao. Shida ni kwamba sheria haina macho ya kuona hiyo sura. Yenyewe imeandika "mtu" tu, basi.

Na hapa lile la kwamba "Watanzania ndivyo tulivyo" nalikataa. Marekani, baada ya Septemba 11, watafiti Darren Davis na Brian Silver waliwahoji watu kati ya mwishoni mwa 2001 na mwanzoni mwa 2002. Walikuta kwamba aliyehisi tishio zaidi alikuwa tayari zaidi kuachia uhuru, na aliyeiamini serikali zaidi vilevile. Lakini Wamarekani weusi, walioiona hatari hiyohiyo kwenye televisheni ileile, walikuwa wagumu kuachia. Sababu haihitaji utafiti mkubwa. Wao wakisikia "mshukiwa", historia yao na polisi inawaletea sura ya kaka yao. Mama wa vitumbua amefika hapo kwa siku moja, wenzake kule walifika kwa vizazi.

Jambo la pili ambalo takwimu za kule zinaonyesha vizuri ni mwendo wa hofu. Wapima maoni wamekuwa wakiuliza kwa miaka kama ni lazima mtu wa kawaida aachie sehemu ya uhuru wake ili ugaidi udhibitiwe. Mwaka 1997 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 29. Septemba 2001 wakaruka hadi 55. Mwaka 2011 wameshuka hadi 40. Na Julai 2013, baada ya Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa ujasusi wa Marekani, kufichua jinsi simu na mitandao inavyochunguzwa, waliosema serikali imepitiliza katika kubana uhuru walikuwa asilimia 47, dhidi ya 35 waliosema haijalinda vya kutosha. Ni nchi ileile, na wengi wao ni watu walewale.

Hapa kwetu mwendo huo upo, ila hatuusimulii hivyo. Mtu aliyekuwa Oysterbay asubuhi ya Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, lori lilipolipuka ubalozi wa Marekani barabara ya Laibon, hasahau. Walikufa watu 11 hapa, na Nairobi, karibu dakika zilezile, 213. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ikatungwa mwaka 2002. Kijana wa bodaboda wa leo mwenye miaka 22 hakuwa amezaliwa. Hofu iliyoipitisha sheria ile yeye hakuirithi, ila sheria anayo. Kosa la ugaidi halina dhamana, na Mahakama ya Rufani mwaka 2020 ilikibakiza kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa ya aina hiyo, baada ya Mahakama Kuu kusema kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mtaa wenu ulipopiga kura kwamba mshukiwa akae hata miezi, mlikuwa mnaunga mkono kitu ambacho kwa sehemu kubwa kipo tayari. Nina hakika mkutanoni hakuna aliyewaambia.

Miezi inaweza kuwa mingapi? Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walifikishwa mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014, wakatoka Juni 2021, si kwa hukumu bali kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa shauri. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akatoka tarehe 4 Machi 2022 kwa njia hiyohiyo. Sisemi lolote kuhusu nani alifanya au hakufanya nini, na shauri likiondolewa hivyo mahakama haijasema mtu hana hatia wala kwamba anayo. Hilo ndilo linaloniuma kama mpimaji. Kwa wale wa Uamsho miaka saba ilipita na hakuna jibu: aliyewaogopa anaendelea kuwaogopa, aliyewaamini anaendelea kuwaamini, na kila upande unajiona umethibitishwa.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hofu ya watu wako ina sababu. Mbagala ndiyo njia ya kwenda Mkuranga na Kibiti, na mnakumbuka mwaka 2017 viongozi wa vijiji waliuawa kule na Aprili askari wanane wakashambuliwa na kuuawa. Mnakumbuka Stakishari, Julai 2015, kituo cha polisi kilivyovamiwa. Mnakumbuka Agosti 2021 karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mwenye bunduki alivyowapiga risasi askari mchana kweupe. Kamati ya ulinzi shirikishi inayowajua watu wake inaweza kuokoa roho. Mtu akikuambia kwamba kila anayetaka ulinzi ni adui wa haki, huyo hajawahi kulala nyumba ya bati akisikia miguu uani.

Kosa ninalotaka kulisahihisha liko kwingine, na liko kwenye swali lako mwenyewe: "usalama kuliko haki". Tumezoea kuviweka kama pande mbili za mzani wa dukani, ukiongeza huku lazima upunguze kule. Chukua mfano wa jirani. Aprili 2014 Kenya ilianzisha operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu wakazolewa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na kwingineko, wengine wakahifadhiwa uwanja wa Kasarani. Kama ni kupunguza haki, zilipunguzwa. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa, wakafa 148. Mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu wa serikali kule Mandera, alikuwa amekwisha kuripoti kwamba mwanawe haonekani.

Kaa na huyo baba kidogo. Taarifa iliyokuwa na thamani kuliko zote ilikuwa kwake, si kwenye uwanja wa mpira. Alikwenda kuitoa kwa sababu aliamini kuna mtu wa kuipokea. Sasa mfikirie mama mwingine hapo mtaani kwenu, ambaye mwanawe kaanza kupotea siku tatu tatu na kurudi na simu mpya. Amemwona mama wa vitumbua anavyohangaika. Atakuja kukwambia wewe katibu? Atanyamaza. Nami ningenyamaza. Kila mtu anayechukuliwa bila kujulikana aliko anaziba midomo kumi ambayo mngeihitaji, na hili halionekani kwenye kuhesabu mikono kwa sababu midomo hiyo huwa inanyoosha mkono pamoja na wengine.

Nimefika kwenye mikono yenyewe. Kuna siku Buguruni nilikuwa namhoji mzee mmoja barazani, jirani yake kasimama ukutani anachokonoa meno. Kila swali la polisi na serikali mzee alijibu "naunga mkono kabisa". Jirani akaitwa na mtu, akaondoka. Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, lile la nne futa. Na la sita." Ndiyo maana Afrobarometer, wanaofanya tafiti hizi katika nchi nyingi za Afrika, humaliza kwa kumuuliza mhojiwa anadhani nani kawatuma. Wengi hutaja serikali, na mtu anayedhani anaongea na serikali huchagua maneno. Hiyo ni barazani, watu wawili. Mkutano wenu ulikuwa na mwenyekiti mbele, kamati pembeni, na hoja ya ugaidi. Nani angebaki na mkono chini aje aulizwe kwa nini anawatetea magaidi?

Halafu nani alikuwepo? Jumapili saa kumi jioni bodaboda wako barabarani, akina mama lishe wako kwenye majiko, vijana wako kwenye mpira. Wenye nyumba ndio wenye nafasi. Kwa hiyo waliopiga kura kwamba wapangaji waandikwe ni wale wasio wapangaji, na waliokubali vijana washikiliwe ni wale ambao ujana umewapita. Silaumu, mikutano ya mtaa ndivyo ilivyo. Lakini usiite hiyo "wananchi".

Tena mliuliza mawili kwa mkono mmoja. Anayetaka daftari lakini hataki watu wakae mahabusu miezi, anyooshe nini, kidole? Watu hutofautisha sana wakipewa nafasi. Kwenye awamu ya saba ya Afrobarometer, katika nchi 34, asilimia 62 walikubali serikali iweke vizuizi vya barabarani na amri ya kutotoka nje pakiwa na tishio. Lakini walioafiki serikali isikilize mawasiliano binafsi, kwa mfano simu, walikuwa 43 tu. Kizuizi cha barabarani kinamsimamisha kila mtu na kinaonekana. Sikio kwenye simu halionekani, hujui limekaa kwa nani. Jibu la kweli kwa swali lako la mwisho ni hilo: watu wetu hawana jibu moja, wanauliza ni kitu gani, kitafanywa na nani, kwa muda gani, na nani atamkagua anayefanya. Tatizo tunawauliza kabla hawajauliza.

Daftari lenyewe sina ugomvi nalo sana. Mjumbe kujua nani kahamia ni desturi ya siku nyingi. Ila namba za NIDA na simu za watu mia mbili kwenye daftari moja la kaunta, linalolala nyumbani kwa mtu, ni jambo jingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Kabla hamjaandika jina la kwanza, mtendaji wa mtaa aulize kwa maandishi kama kamati ina mamlaka ya kukusanya namba hizo. Kwa maoni yangu majina na chumba vinawatosha. Namba ya NIDA haikusaidii kumjua jirani, inamsaidia tapeli.

Kama mwenyekiti yuko tayari, rudieni kura. Vipande vya karatasi na ndoo yenye kifuniko, hiyo tu. Gawanyeni maswali. Na swali la kushikilia watu lisiulizwe tena kwa "mtu anayeshukiwa". Uliza hivi: "Kijana wa mtaa huu akichukuliwa kwa kushukiwa, ndugu zake waambiwe yuko kituo gani ndani ya muda gani?" Mweke kijana wa mtaa huu ndani ya swali, maana ndani ya sheria yumo tayari. Nadhani mtashangaa jinsi watu wanavyoweza kutaka ulinzi mkali na jibu la haraka kwa wakati mmoja, bila kuona mgongano wowote. Inawezekana pia kura ya siri ikatoka kali kuliko ya mikono. Ikiwa hivyo, iandike hivyo. Usirudie kura kwa ajili ya kumpata mshindi unayempenda.

Na muhtasari. Usiandike "wameridhia", na "kwa kauli moja" ni uongo hata kwa hesabu yako mwenyewe, umeniambia "karibu wote". Muhtasari huo unaweza kuja kusomwa na mtu ambaye hakuwepo, akautumia kama ruhusa. Andika kilichotokea: tarehe, saa, idadi ya waliosaini mahudhurio, wenye nyumba wangapi na wapangaji wangapi kama unaweza kuwatenganisha. Andika kwamba hoja mbili zilipigiwa kura pamoja, kwa kunyoosha mikono, na, kama ndivyo ilivyokuwa, kwamba mikono haikuhesabiwa na hakuna aliyeulizwa kama anapinga. Wakikulazimisha sentensi yao, andika "kamati imeniagiza kuandika kwamba", uweke nukuu zao, kisha saini yako chini ya maelezo yako. Nakala moja ibaki kwako.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kamati, pitia kwenye kona. Muulize mama amefika vituo vingapi, na kama ameandika saa.